Ambulensi tumeiona, sasa tuonyesheni kura

Kuna swali nimekuwa nikiwauliza watu hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, sokoni, kwenye steji ya boda, hata matangani: mbunge wako alipiga kura gani kwenye ule mswada wa kahawa? Hakuna anayejua. Watakwambia ameleta ambulensi, amewapa kanisa mabati na msikiti simenti, alikuja mazishi ya mzee fulani akaacha bahasha nzito. Na wote wanaikumbuka ile 6 Novemba 2024 wabunge walipopigana ngumi mle mle ukumbini, nani alianza, nani aliangushwa, hiyo watakuhadithia mpaka uchoke. Lakini kura yenyewe, ile iliyovunja mamlaka ya kahawa, UCDA, iliyokuwepo tangu 1991, kazi zake zikapelekwa wizara ya kilimo, hiyo mtu hajui mbunge wake alisimama wapi. Na sisi tunaishi chini ya Mlima Elgon jamani, huku karo za watoto zinatoka kwenye kahawa, nchi nzima inaingiza zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka kutokana na hilo zao.

Sisemi hapa kama ule mswada ulikuwa mzuri au mbaya, wakulima wenyewe hawakubaliani na kila upande una hoja zake. Ninachosema ni kwamba mtu tuliyemtuma Kampala atuamulie jambo kubwa hivyo anarudi nyumbani na hakuna anayemuuliza aliamua nini, tunamuuliza tu amekuja na nini.

Katiba yetu kifungu cha 79 imelipa Bunge kazi ya kutunga sheria. Ambulensi ni kazi ya serikali, inanunuliwa kwa bajeti, na bajeti inapitishwa na huyo huyo mbunge, kwa hiyo akija na gari lenye jina lake na picha yake ubavuni mimi najiuliza kwani ile bajeti aliyoipitisha ilikuwa inanunua nini? Na ataitoa wapi pesa ya mafuta ya hilo gari miaka yote mitano? Ndio maana wengi wanaishia kwenye madeni, na mbunge mwenye madeni anabanwa kirahisi sana siku ya kura, hilo halihitaji elimu kubwa kulielewa.

Kwangu mimi mbunge ana rekodi mbili tu za kumpima, kura alizopiga na mambo aliyoyatetea hadharani, na hizo mbili lazima uziweke pamoja uone kama zinaelekea njia moja. Mkumbuke ile kodi ya mitandao, OTT, shilingi 200 kwa siku ili uingie WhatsApp au Facebook. Ilipita Bungeni Mei 2018 ikaanza 1 Julai pamoja na kodi ya asilimia 1 kwenye pesa za simu, kutuma unakatwa, kupokea unakatwa, kutoa unakatwa. Mama anayeuza nyanya akitumiwa elfu hamsini na mwanawe aliye Kampala inamfikia ikiwa imeshaumwa. Watu walipopandisha hasira, wengine wakaingia barabarani Kampala mwezi huo huo, ghafla kila mheshimiwa ukimsikia redioni anasema hapana, mimi sikuunga mkono ile kitu, mimi niko na wananchi. Sawa, lakini kama nyote hamkuunga mkono, ilipitaje? Baadaye wakaishusha hadi asilimia 0.5 kwa kutoa tu, na OTT yenyewe ikaondolewa 2021 ikaja asilimia 12 kwenye bando, ambayo tunailipa mpaka leo bila kelele.

Jibu la "ilipitaje" ndio kiini cha hasira yangu. Sheria nyingi zinapita kwa kura ya sauti. Spika anauliza wanaokubali waseme, wanaokataa waseme, anasikiliza, anatangaza upande ulioshinda, basi, kazi imekwisha. Kwenye Hansadi, zile kumbukumbu rasmi za Bunge, unakuta tu kwamba hoja imepita, majina hakuna. Kwa hiyo mbunge anaweza kupiga kelele ya ndiyo Jumanne halafu Jumamosi akaja kwetu akasema alikataa, na wewe huna popote pa kumshika. Mimi naona kwa mambo ya kodi, mikopo, na haki za watu hii njia ingeachwa kabisa, watu waitwe majina mmoja mmoja, hata kama itakula siku nzima. Tunawalipa kwa hiyo siku.

Na inawezekana, tumeshaona. 20 Desemba 2017 kwenye kura ya kuondoa ukomo wa umri wa rais waliitwa kwa majina, kila mmoja akajibu mbele ya nchi nzima: 317 wakakubali, 97 wakakataa, 2 wakasema hawana upande. Mpaka leo ukitaja jina la mbunge wa kipindi kile mtu wa kawaida tu wa taksi paki anaweza kukwambia huyo alikuwa upande gani. Hiyo ndio nguvu ya jina kuandikwa. Kabla ya hapo walikuwa wamewekewa milioni 29 kila mmoja za kwenda kuwasikiliza wananchi, wengine wakazirudisha, wengine wakazunguka kweli wakasikiliza, na kuna waliopewa jibu moja na watu wao halafu wakapiga kura nyingine.

Halafu kuna kipande ambacho sisi watu wa Mbale hatupaswi kukisahau manake kilimalizikia hapa hapa kwetu. Ndani ya ule mswada wabunge walijiongezea muda wao wenyewe kutoka miaka mitano hadi saba. Kesi ikaja kusikilizwa Mbale, na 26 Julai 2018 Mahakama ya Katiba, majaji wanne kwa mmoja, ikaacha ukomo wa umri uondoke lakini ikaifuta ile miaka saba. Kwa hiyo mtu akija kukuomba kura na alikuwepo 2017, muulize na hilo, usimuulize la rais peke yake, muulize kuhusu miaka miwili aliyotaka kujipa bila kukuomba.

Ninayempa heshima kwa upande wa rekodi ni Theodore Ssekikubo, aliyechaguliwa mbunge kule Lwemiyaga. Sio mtu wa kwetu na si kila neno lake nakubaliana nalo, lakini ukifuata mstari wake kwa miaka mingi unaona haupindi sana. Chama chake NRM, chama tawala, kilimfukuza 2013 yeye na wenzake watatu kwa kukataa kufuata amri, kesi ikafika Mahakama ya Juu, na 2015 ikaamuliwa kwamba kufukuzwa chama hakumpotezei mbunge kiti. Huo uamuzi ni mkubwa kuliko watu wanavyofikiri, maana yake kiranja wa chama hawezi kukwambia piga kura hivi au uende nyumbani. Kwa hiyo mheshimiwa akikuambia "chama kilinilazimisha" mjibu tangu 2015 hakuna wa kukunyang'anya kiti kwa kura yako. 2017 Ssekikubo akapiga kura ya kukataa akiwa bado ndani ya chama. 2024 ilipotoka habari kwamba makamishna wa Bunge waligawana shilingi bilioni 1.7 za "zawadi ya utumishi", milioni 500 kwa aliyekuwa kiongozi wa upinzani na milioni 400 kwa kila mmoja wa wale wengine watatu, yeye ndiye aliyezunguka na karatasi akitafuta saini za kuwaondoa. Kwenye hizo pesa walikuwemo wa serikali na wa upinzani pamoja, naomba mlizingatie hilo, kwa sababu kuna watu wanadhani ukichagua rangi ya chama basi umemaliza.

Wengine ni Gerald Karuhanga na Jonathan Odur, wote wabunge wakati huo. Aprili 2020 tukiwa tumefungiwa ndani na korona, watu hawana hata unga, Bunge likajigawia bilioni 10, milioni 20 kwa kila mbunge. Hao wawili wakaenda mahakamani dhidi ya Bunge lao wenyewe. Kupiga kelele kwenye televisheni ni rahisi, kuwashtaki watu unaokaa nao benchi moja ni kitu kingine.

Sasa hapa ndugu zangu wa upinzani watakasirika lakini nitasema. Ile tabia ya kutoka nje ya ukumbi kila mswada mgumu ukifika mimi siipendi. Mei 2025 ulipopita mswada wa jeshi unaoruhusu raia kushtakiwa tena kwenye mahakama za kijeshi, miezi michache tu baada ya Mahakama ya Juu kusema Januari kwamba hilo ni kinyume cha Katiba, upinzani walitoka. Naelewa sababu, hutaki kuhalalisha kitu kilichopikwa, na ukijua namba huna unaona kura yako haina kazi. Lakini wale 97 wa 2017 pia walijua hawana namba, walikaa, na leo majina yao yapo. Aliyetoka nje rekodi yake ni kiti kitupu, na kiti kitupu hakina tofauti na cha yule aliyekuwa amelala nyumbani au yuko safarini Dubai. Kaa, sema hapana, iandikwe.

Na tusidanganyane kwamba tutawarudisha nyumbani wakikosea. Kifungu cha 84 cha kumwita mbunge arudi kipo kwenye Katiba lakini kimefungamanishwa na mfumo wa Movement, ule wa zamani usio na vyama, na tangu tuingie vyama vingi hakifanyi kazi. Ukimpa kiti umempa miaka mitano kamili.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja cha vitendo. Redio zetu hapa Mbale zina vipindi vya siasa kila Jumamosi, wageni ni hao hao, maneno ni yale yale. Chukueni dakika kumi, msome wiki hii Bungeni kulipitishwa nini na wabunge wa Bugisu, eneo letu hili, walisimama upande gani, kwa Lumasaba, lugha yetu, na kwa Kiswahili, kwa sababu Hansadi ni Kiingereza kitupu na mama wa sokoni hana muda wa kuitafuta mtandaoni. Kama kura ilikuwa ya sauti mpigieni mheshimiwa simu hewani mumuulize alisema ndiyo au hapana, na asipopokea mtangaze kwamba hakupokea. Mimi nitakuwa wa kwanza kupiga simu studio, na nitaanza na kahawa.