Mnaokwenda Kamakura, acheni kuziba njia

Hii tabia inanikera kweli. Kamakura iko mwendo wa kama saa moja kwa treni kutoka Tokyo, kwa hiyo watu huenda asubuhi wakarudi jioni. Sawa. Lakini mji umejaa mahekalu, halafu wengi wanakimbilia wapi? Kwenye kivuko cha reli karibu na kituo cha Kamakurakōkō-mae, kile kilichoonekana kwenye katuni ya Slam Dunk! Wanajazana barabarani simu juu, magari yanapiga breki, na bibi wa watu aliyebeba mfuko wake wa mboga hana pa kupita.

Kisha mbio kwa sanamu ya shaba ya Buddha Mkuu, aliyeketi pale tangu karne ya 13. Selfi mbili, haoo! Hata kuzunguka nyuma waone yale madirisha mgongoni mwake hawataki. Kenchō-ji, hekalu la Zen (tawi la Ubuddha) lililoanzishwa 1253, lenye miti mikongwe ajabu uani, hawana habari nalo.

Jamani, pale watu wanaishi. Wanawahi kazini, watoto wanawahi shule. Picha pigeni, ila simameni pembeni, na treni ikifika waacheni wenyeji wapande.