Benchi lao na daraja letu

Basi la kutoka kijijini kwangu kwenda mjini hupita kila baada ya saa mbili, na mwezi wa kumi uliopita lilinipita nikiwa hatua ishirini kutoka kituoni, dereva akiniona waziwazi kwenye kioo chake. Nilibaki pale na hasira zangu, sina la kufanya ila kusoma karatasi zilizobandikwa ndani ya kisanduku cha kioo chenye kufuli, kilichopigiliwa ukutani kando ya banda la gari la zimamoto. Kwa miaka mitatu nilikuwa nakipita kila siku bila kukitazama, nikidhani ni matangazo ya ibada na mbwa waliopotea. Siku hiyo nikasoma tangazo la kikao cha halmashauri ya kijiji, lenye tarehe, saa na orodha ya ajenda, na ajenda ya tatu ilikuwa benchi la njia ya makaburini, ambalo mbao zake zimeoza.

Niseme kwanza nilipo. Ninaishi Ujerumani, katika jimbo la Rheinland-Pfalz, kwenye kijiji cha watu wapatao 400 kilichobanwa kati ya mto Mosel na mlima wa mizabibu, na ninafanya kazi ya uuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Jimbo hili lina wakazi kama milioni nne, lakini limegawanyika katika mamlaka ndogo ndogo zinazojitegemea zipatazo 2,300, nyingi zikiwa vijiji vya aina hii vinavyoitwa Ortsgemeinde, na kipo kimoja kule kwenye milima ya Eifel kinachoitwa Dierfeld ambacho wakazi wake hawatoshi kujaza daladala. Kila kimoja kina halmashauri yake na kiongozi wake. Kwa Kijerumani cheo cha kiongozi huyo hutafsiriwa kuwa meya, ila mimi humwita mwenyekiti wa kijiji, kwa sababu ndivyo alivyo: hana ofisi, hana gari la kazi, halipwi mshahara bali posho, na mara ya kwanza nilipomwona alikuwa amevaa mabuti akifyeka majani makaburini kwa mashine aliyotoka nayo nyumbani kwake.

Nilikwenda kwenye kile kikao. Sheria inaruhusu mtu yeyote kuingia na kusikiliza, na tulikuwa wasikilizaji watatu. Wajumbe wanane na mwenyekiti wao walikaa kuzunguka meza katika jumba la kijiji, wakizungumza lahaja yao ya Mosel ambayo hata Mjerumani wa Berlin huomba arudiwe, na kwa dakika ishirini na tano nzima, kwa saa yangu, walijadili benchi. Mama mmoja aliuliza kwa nini bei ya chini imeacha gharama ya kung'oa benchi la zamani. Mzee mmoja akasema miguu ya zege bado mizima, kwa hiyo zinunuliwe mbao tu, na kazi ya kupiga misumari ifanywe siku ile ya usafi wa kijiji, ambayo nilipoishuhudia baadaye niliitambua mara moja: ni msaragambo, isipokuwa wao humalizia kwa soseji na bia. Kura zikapigwa, gharama ikashuka kutoka zaidi ya euro 700 hadi 340, na wiki mbili baadaye uamuzi huo ulikuwa umechapishwa katika gazeti la matangazo linaloingizwa kwenye sanduku la barua la kila nyumba. Nilisoma nikiwa nimesimama mlangoni na viatu miguuni, nikahisi kitu ambacho sikukitegemea, yaani wivu.

Nilihisi wivu kwa sababu usiku ule ule nilikuwa nimepokea ujumbe kutoka nyumbani ukinikumbusha mchango wa daraja.

Kwetu ni Uluguru, upande wa mashariki, ambako maji yote yanayoteremka huishia katika mto Ruvu na kwenda kunywewa Dar es Salaam, wakati sisi tulioko juu yake tunateka kwa ndoo. Daraja ninalolisema ni kile kivuko cha magogo na mbao kinachounganisha vitongoji vya ng'ambo na shule, na kila masika ya nguvu hukichukua. Nimekichangia mara tatu. Mara ya mwisho nilituma shilingi 150,000, na kaka yangu alibeba mawe siku mbili, kwa hiyo sisemi kwamba kazi haikufanyika, kwa maana ilifanyika na mbao zilionekana. Ninachosema ni kwamba hadi leo hakuna mtu katika ukoo wetu, wala katika kitongoji chetu, anayeweza kuniambia zilikusanywa shilingi ngapi, mbao zilinunuliwa kwa bei gani, na ile chenji, kama ilikuwepo, ilikwenda wapi. Mapato na matumizi hayajasomwa. Mnajua wenyewe yanavyosomwa yanaposomwa: mtendaji anataja jumla kuu tatu kwa kasi ya mnadani, mvua inaanza kutishia, mtu wa nyuma akinyoosha mkono anaambiwa swali lake ni zuri na lifikishwe ofisini.

Sasa najua kinachofuata. Tayari nawasikia wale wa kusema kwamba huyu ameshakuwa Mzungu, amekula mkate mweusi miaka mitano anatufundisha demokrasia. Ndugu zangu, sijasema kwamba Wajerumani ni watu wema kuliko sisi. Kama ni wema, niulizeni mimi: jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alinisalimia kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba, na alinisalimia ili anieleze kwamba chupa nimeziweka kwenye pipa lisilo lake. Kijiji hiki hakina duka. Gari la mikate huja mara mbili kwa wiki, likapiga honi na kuondoka, shule ilifungwa zamani, na nikifiwa leo hakuna atakayepika chai ya watu arobaini uani kwangu. Kwetu mtoto analia huku, redio kule, na kijiji kiko hai. Tena vijiji hivi vina taabu zao, maana katika uchaguzi wa Juni 9, 2024 vipo ambavyo havikupata hata mgombea mmoja wa kuviongoza, na ikitokea hivyo sheria huiachia halmashauri kazi ya kumchagua kiongozi. Watu wamechoka, vijana wamehama, na posho haitoshi kumlipa mtu kwa matusi anayopokea kuhusu majani ya makaburini.

Wengine watasema ni fedha: mwenye hela hushindwaje kubandika karatasi? Hili ndilo linalonichosha zaidi. Karatasi moja na gundi ni shilingi ngapi? Jimbo hili lina sifa ndani ya Ujerumani kwa halmashauri zenye madeni, na mwenye nyumba wa hapa hukatwa mchango wa kutengeneza barabara za kijiji chake, tena hapewi nafasi ya kusema atatoa baada ya mavuno. Kwa hiyo michango ipo, manung'uniko yapo, na mwenye nyumba wangu huyataja yote mawili kila tukikutana kwenye ngazi. Ila bajeti yao, kabla haijapitishwa, lazima iwekwe wazi kwa wiki mbili ili mkazi yeyote aisome na kupeleka pendekezo lake. Mwenye nyumba wangu ananung'unika akiwa na namba mkononi, sisi tunanung'unika kwa tetesi, na tetesi humchafua hata mwenyekiti ambaye hakula hata senti.

Jambo ambalo limeninyima usingizi, na ambalo nawaomba wakosoaji wangu walisome taratibu kabla ya kuniita msaliti, ni kwamba kwa sheria sisi tuko mbele yao. Hapa kijijini Mosel raia huchagua wajumbe kila baada ya miaka mitano, kisha kazi yake kubwa ni kusikiliza, na kuuliza pale anapopewa muda wa maswali. Mkutano wa watu wote wenye kauli ya mwisho haupo. Tanzania upo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inasema Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani kila mkazi aliyetimiza miaka 18, ndiyo mamlaka kuu ya kijiji, na unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekwenda mbali zaidi, maana halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla ya mkutano huo kuridhia. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kukaa darasani, alikuwa na uwezo wa kisheria ambao mwenye nyumba wangu wa Mosel, mhandisi mstaafu, hajawahi kuwa nao. Tuna vijiji zaidi ya 12,000 vyenye mamlaka hiyo, na sisi tunaitumia kuchangishwa.

Hapo ndipo kiburi changu na hasira zangu hukutana, na sijui nianze na lipi. Sisi si watu wa kunyamaza. Wazee wetu wa Uluguru walipolazimishwa na serikali ya kikoloni kuchimba matuta milimani katika miaka ya 1950, walikataa hadi Matombo ikawaka moto wa ghasia mwaka 1955. Nayakumbuka hayo kila nikipanda kati ya mizabibu ya hapa, ambayo imesimama juu ya ngazi za mawe kwenye miteremko mikali kiasi kwamba wavunaji wengine hushuka kwa kamba, na huwaza kwamba mlima ni mlima, mvua ni mvua, na Waluguru walijua kusema hapana kwa gavana. Iweje leo tushindwe kumwambia mtendaji, kijana wetu tunayemjua kwa jina, kwamba kaka, hebu soma tena hiyo ya saruji?

Kuna nyumba moja karibu na mto, sasa ni mgahawa, ambayo kwenye kona yake wamechonga mistari na miaka: huu mafuriko yalifika mwaka 1784, huu wa Desemba 1993, huu mwaka 1995. Mstari wa 1784 uko juu ya kichwa changu. Watu waliopoteza vyakula na mifugo, na wengine zaidi ya hivyo, walipata muda wa kuchukua patasi na kuandika maji yalifika wapi, na mjukuu anayejenga leo anajua pa kuanzia msingi. Mimi nilikuwa mtoto mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilipokichukua kile kivuko. Nakumbuka sauti ya magogo usiku na mama akituhesabu, lakini nikiulizwa maji yalifika wapi ningeonyesha kwa mkono hewani, na kaka yangu angeonyesha pengine. Kwa hiyo kila tukijenga tunajenga pale pale, kimo kile kile, na mchango unaanza upya kama vile mto umekuja jana.

Mtaniambia basi rudi ugombee. Nimejibiwa hivyo tayari, tena na shemeji yangu. Hapa sipigi kura kwa kuwa mimi si raia wa Umoja wa Ulaya, na huko sipigi kwa kuwa uchaguzi wa kijiji ni wa mkazi wa kitongoji, na mimi si mkazi tena. Nakubali kwamba kwenye mizani hiyo sina uzito. Lakini hela yangu haijawahi kuulizwa inaishi wapi. Nilipoandika katika kundi la WhatsApp la kijiji, kwa heshima na kwa kuanza na shikamoo, nikiomba orodha ya manunuzi ya daraja ibandikwe kwenye ubao wa ofisi, mtu mmoja alijibu kwa kuuliza kama sisi wa Ulaya tunatuma hela au tunatuma maswali. Watu kumi na wawili waliweka alama ya kucheka. Nilicheka na mimi, kwa kuwa ni jibu tamu, kisha nikakaa na simu mkononi hadi zamu yangu ilipoanza.

Safari hii nimetuma shilingi 100,000, na sikumtumia mtunza hazina. Nimemtumia dada yangu mwenye kibanda cha duka pale njia panda, nikamwomba kitu kimoja: kwenye daftari lake la madeni, lile linaloandikwa nani amechukua sukari na nani mafuta ya taa, afungue ukurasa wa daraja, aandike kila anayetoa na alichotoa, na aliache juu ya kaunta. Alisema nitamgombanisha na watu. Siku ya nne alinipigia akacheka: walikuwa wameandikwa watu thelathini na mmoja, na wawili walirudi kuongeza baada ya kuona jirani katoa ngapi. Mwenyekiti alipita, akalisoma daftari akiwa amesimama, akanunua kiberiti, akaenda zake bila neno.

Mkutano wa kijiji umepangwa Jumamosi ijayo saa nne asubuhi, uwanja wa shule. Uliokuwa upangwe mwezi wa pili uliahirishwa kwa sababu ya mvua, na dada ananiambia leo pia wingu limetanda upande wa mlimani.