Mbona Mmekata Wimbo wa Vijana Wetu?

Jumanne asubuhi nilikuwa ndani ya Hiace, natoka mtaa wa Katuba naenda mjini Lubumbashi, nimebanwa dirishani na mama mmoja aliyepakata beseni la nyanya. Redio ya dereva ikaanza kupiga wimbo ambao nautambua kwa mlio wa kwanza: gitaa moja kali, batri (zile ngoma za bendi) inaingia, kisha sauti ya yule mwimbaji. Moyo ukanienda mbio. Vijana wale wa Katuba wanapiga roki, na wametoa wimbo mmoja tu tangu waanze bendi, huo huo, na miezi mitatu nzima sikuwahi kuusikia redioni.

Haukumaliza dakika. Mtangazaji akaukata. "Ile haiko mziki ya kwetu," akasema. "Ni mziki ya bazungu." Akaweka kitu kingine.

Sijalala vizuri tangu siku ile, kwa hiyo naandika.

Muziki wa kwetu ni upi? Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alifika na mashine yake ya kurekodi Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi kijana anayeitwa Jean Bosco Mwenda. Gitaa moja, vidole viwili vitatu, na bado unaapa wako watu wawili wanapiga. Gitaa lile halikuota Bunkeya, kwao Bosco. Lilikuja na wageni, Bosco akaliimbia Kiswahili, likawa letu, na leo hakuna Mkatanga atakayekuambia Bosco ni wa bazungu. Babu alikubaliwa na gitaa lake la mbao. Mjukuu akichomeka lake kwenye umeme anaambiwa arudi alikotoka. Alikotoka ni Katuba!

Na kama roki ni ya bazungu, nendeni Kasumbalesa, mpakani, mvuke, muwaulize Wazambia wa migodini. Miaka ya 1970 bendi kama WITCH zilijaza kumbi za Copperbelt, jimbo lao la shaba, kwa magitaa mazito kuliko haya. Watu wa shaba kama sisi, na wengi wao ndugu zetu wa damu. Tena serikali ya Kaunda iliagiza redio zipige muziki wa nyumbani kwa wingi, na vijana wakapata pa kusikika. WITCH walitoa albamu mpya mwaka 2023, nusu karne baadaye. Sisi tuliokuwa mwendo mfupi tu kutoka kwao tunakata wimbo kabla ya kiitikio cha kwanza.

Wimbo huu nimeuona ukizaliwa. Mpiga besi ni mtoto wa dada yangu. Batri waliazima kanisani, maana mpiga batri ndiko alikojifunzia na ndiko anakopiga kila Jumapili (wanaosema huu ni muziki wa shetani wamwulize mchungaji wake). Walirekodi usiku katika chumba cha rafiki yao, magodoro yamesimamishwa ukutani, feni imezimwa kwa sababu ya kelele, jasho linadondoka kwenye nyuzi. Jenereta iliwekwa ua wa jirani ili ngurumo isiingie kwenye maiki.

Mwimbaji anaimba habari za baba yake, mstaafu wa mgodini, anavyokaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango akingoja malipo yake ya mwisho. Wakafika kiitikio cha pili, mafuta ya jenereta yakaisha. Taa zikazimika, ampli zikafa, magitaa yote mawili yakanyamaza mara moja, na besi pia. Kompyuta ilikuwa na betri yake, ikaendelea kurekodi. Na yule kijana hakuacha kuimba. Gizani, yeye na batri tu, mpaka mwisho wa kiitikio. Nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na mlango, nikasikia mtu anavuta makamasi, na sijui hadi leo kama alikuwa mpwa wangu au mimi mwenyewe.

Walipowasha tena, wakasikiliza, hakuna aliyetaka kurudia. Kipande kile wamekiacha kama kilivyo. Kiko kwenye dakika ya pili.

Kabla ya kuutoa, waliupeleka kwa mzee mmoja mwenye studio mjini. Akawaambia waongeze sebene, kile kipande cha magitaa ya kuchezea, watie mabanga mawili matatu, yaani kutaja majina ya matajiri, na waimbe kwa Lingala ili Kinshasa iwasikie. Sebene naipenda, niliicheza kwenye harusi yangu hadi viatu vikakatika. Lingala ni lugha tamu. Lakini baba wa kijana yule hasubiri kwa Lingala. Anasubiri kwa Kiswahili cha hapa hapa, kile tunachotumia tukigombana na tukisali, na mtoto amemwimbia kwa maneno ambayo mzee mwenyewe anayatumia akiwa amekaa pale mlangoni. Ukiyabadilisha maneno yale umemwondoa mzee kwenye wimbo. Hilo vijana walilikataa, na mimi nawavulia kofia.

Haya, nakubali: besi imezidi, na mwanzoni sauti inazama. Ni wimbo wa kwanza. Hata ule wa kwanza wa Beatles, Oktoba 1962, uliishia nafasi ya 17 kwao Uingereza, na hakuna aliyewaambia kwamba muziki ule si wa kwao.

Narudi kwenye Hiace. Mtangazaji alipokata, yule mama wa nyanya aligeuka akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyezima. "Juu ya nini anakata? Nilikuwa nasikia."

Nikatoa simu, nikaupiga tangu mwanzo, nikamsogezea sikioni. Alisikiliza mkono mmoja ukiwa juu ya nyanya ili zisibingirike. Magitaa yalipokatika, ikabaki sauti na batri, akafumba macho. Hakusema kitu mpaka wimbo ukaisha.

"Baba yake alitumikaka kule kwenye mugodi?"

"Ndiyo, mama. Miaka 31."

"Na wangu pia," akasema. "Rudisha tena."