Notisi ya Kuhama: Tarehe Ndiyo Kazi, Mengine ni Adabu

Kampala wapangaji wengi huaga kwa mdomo. Mtu anakutana na mwenye nyumba getini, anamwambia, "Mzee, mwezi ujao nahama," mzee anaitikia, basi. Siku ya kudai dipoziti mzee hakumbuki kuambiwa kitu, na hapo mpangaji hana hata kijikaratasi cha kumwonyesha.

Kwangu mimi, notisi ipimwe kwa jambo moja: je, inaonyesha ilipokelewa lini? Iandike nakala mbili. Moja mpe mwenye nyumba au keateka wake (mtu anayemsimamizia nyumba), ya pili atie sahihi na tarehe kwa mkono wake, ubaki nayo. Akikataa kusaini, mtumie picha ya barua hiyo kwa WhatsApp, kisha mpelekee mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa au kijiji) nakala aigonge muhuri. Ujumbe wa simu peke yake ni bora kuliko maneno matupu, ila simu hupotea na namba hubadilishwa.

Kosa linalowagharimu watu zaidi liko kwenye hesabu ya siku. Tuseme kodi yako huanza tarehe 5 na mmekubaliana notisi ya mwezi mmoja. Ukiipeleka tarehe 12, mwezi unakatika katikati ya kodi nyingine, na mwenye nyumba atakudai mwezi mzima. Ipeleke siku chache kabla ya tarehe 5. Waliolipa miezi mitatu kwa mkupuo wawe waangalifu zaidi: kupata tena kodi ya mwezi ambao hukukaa ni shida kubwa, kwa hiyo panga kuondoka kodi inapoishia. Soma kwanza mkataba unasema nini. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inataka mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi, lakini nyumba nyingi za chumba kimoja, zile zinazoitwa mizigo, bado zinapangishwa kwa maneno na risiti.

Barua yenyewe iwe fupi:

"Mimi, mpangaji wa chumba namba 4, nakujulisha kwamba nitahama tarehe 4 Septemba. Kodi yangu imelipwa hadi siku hiyo. Naomba tukague chumba pamoja tarehe 3, na unirudishie dipoziti ya shilingi 400,000 kwa namba yangu ya mobile money iliyo hapa chini."

Sababu ya kuhama iache. Ukiandika kwamba choo kinavuja, mtaanza kubishana juu ya choo. Na uandike kwa lugha anayoisoma yeye. Kiswahili chetu kinaeleweka Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, lakini mzee wa Ntinda, hapa Kampala, huenda akataka Kiingereza au Kiluganda. Tarakimu ziwe wazi, 1 isifanane na 7.

Wapo wanaosema, "Dipoziti ikae kama kodi ya mwezi wa mwisho." Mimi sikubaliani nao, isipokuwa mwenye nyumba amekubali kwa maandishi. Kazi ya dipoziti ni kufidia uharibifu na bili, na ukiacha kulipa kodi unampa sababu ya kukuita mdaiwa hata kama chumba umekiacha kinang'aa.

Bili ya maji ndiyo hukwamisha dipoziti mara nyingi. Huja baada ya maji kutumika, kwa hiyo siku ya kukabidhi piga picha ya mita, namba zote zionekane, mgawane deni hadi hapo. Kama mita ni ya plot nzima, omba fungu lako liandikwe siku hiyo hiyo. Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, ni rahisi, ila tokeni ukishaziingiza hazitoki kwenye mita ile. Wiki mbili za mwisho nunua yuniti kidogo kidogo, usije ukamwachia mpangaji mpya zawadi.

Mkipita vyumbani, rekodi video: kuta, sinki, vioo vya madirisha, kitasa, soketi. Matundu ya misumari yazibe mapema, kwa maana rangi ndiyo kisingizio cha kwanza cha kukata pesa. Funguo zihesabiwe na ziandikwe kwenye ile nakala yako, na mwenye nyumba asaini hapo hapo, kabla pikapu haijawashwa.