Siku moja, miguu miwili: Dubai Mall au Mall of the Emirates?

Binamu yangu atapita Dubai mwezi ujao na mama yake na watoto wawili. Viza wanazo, ndege ya kuendelea na safari ni kesho yake asubuhi, na hapo katikati wana siku nzima isiyo na shughuli. Kaniuliza swali ambalo nimeshaulizwa na watu wengi: twende Dubai Mall au Mall of the Emirates? Na kama wenzake, hakusubiri jibu. "Si bora ile kubwa?"

Ukubwa ndio hoja dhaifu kuliko zote. Dubai Mall ilifunguliwa Novemba 2008 na ina maduka zaidi ya 1,200. Ukisimama dakika moja tu mbele ya kila duka, bila hata kuingia, umemaliza saa ishirini. Mall of the Emirates, iliyotangulia kufunguliwa mwaka 2005, ni ndogo kwake, lakini nayo ina mamia ya maduka usiyoweza kuyamaliza kwa siku. Kwa mgeni wa siku moja, hiyo tofauti haina maana. Milangoni utakuta majina mengi yale yale: nguo, viatu, manukato, simu. VAT ya asilimia 5 ni ile ile, na utaratibu wa mtalii kurudishiwa sehemu ya kodi hiyo uwanja wa ndege hauchagui jengo, mradi umenunua kwa dirhamu 250 au zaidi kwenye duka lililojisajili na pasipoti unayo. Kwa hiyo suala la kununua tuliweke kando. Anayefuata mzigo wa kwenda kuuza, tena, hapa hapamhusu kabisa. Huyo njia yake ni Deira na Dragon Mart, na anaijua kuliko mimi.

Mimi naona majengo haya yanaachana kwenye jambo moja: mtu asiyetoa hata senti anaona nini?

Dubai Mall ni karimu kwa mtu wa namna hiyo. Tangi la samaki liko ukumbini, watu wanapita mbele yake kama wanavyopita mbele ya benki. Lina lita milioni 10 za maji, na ule ukuta unaoonekana kama kioo ni akriliki yenye unene wa sentimita 75 na upana wa karibu mita 33. Tiketi ni ya anayetaka kupita kwenye handaki katikati ya maji. Aliyebaki ukumbini anawaona papa wale wale, na taa, wale samaki bapa. Taa akija karibu hunyanyua tumbo lake jeupe, na yale matundu mawili juu ya mdomo yanakaa kama macho. Mtoto atakuapia samaki kamchekea. Hapo unaweza kukaa nusu saa na hakuna wa kukuambia sogea.

Ukitoka nje, kuna ziwa na Dubai Fountain, na juu yake Burj Khalifa, mita 828 za kuvunja shingo. Jioni maji hurushwa kwa muziki kila baada ya nusu saa, na kusimama ukingoni ni bure. (Mwaka 2025 chemchemi hiyo ilifungwa miezi kadhaa kwa ukarabati, kwa hiyo angalia ratiba kabla ya kuwaahidi watoto.) Kupanda juu ya mnara ndiko kunakolipiwa, na saa za machweo bei hupanda. Lakini macho hayana pazia: aliye chini anauona mnara mzima, aliye juu anauona mji bila mnara. Mimi ningebaki chini.

Mall of the Emirates mambo yako kinyume. Kivutio chake ni Ski Dubai, mlima wa theluji ndani ya jengo, eneo la mita za mraba 22,500, na njia ya kuteleza iliyo ndefu kuliko zote ina mita 400. Baridi inashikiliwa kwenye nyuzi sifuri hivi, huku nje, mwezi wa saba, kipimajoto kinapita 40. Wapo na pengwini, wa kweli, wanaotembea. Ila asiye na tiketi anabaki dirishani. Na wapo wengi pale dirishani: mwanamume wa kandambili na fulana ameshika aiskrimu, upande wa pili wa kioo mtoto mwenye koti lililomzidi anaanguka, anainuka, anaanguka tena. Kuangalia kunafurahisha kwa dakika kumi. Baada ya hapo mtoto wako anakuvuta mkono na kuuliza sisi tunaingia lini, na hapo ndipo bajeti inapojulikana. Koti, suruali na buti vimo kwenye tiketi. Vya mikononi na kichwani viulizie kwanza.

Wapo wanaosema basi, hilo limemaliza mjadala: bure inashinda. Sikubaliani nao moja kwa moja. Kitu cha bure kila mtu anakifuata. Dubai Mall ilihesabu wageni milioni 105 mwaka 2023, na ukigawa kwa siku unapata karibu 290,000. Hao ndio mtakaosimama nao ukingoni mwa ziwa, na mtoto wa miaka minne katikati yao anaona migongo. Theluji unailipia, lakini mtoto anaigusa, anaitupa, anailala. Miaka kumi baadaye nani atakumbuka nini? Aliyegusa, nadhani. Kwa hiyo mwenye watoto na fedha kidogo ya ziada asidharau lile jengo dogo.

Halafu kuna miguu, na hili ndilo watu hulisahau kabisa. Majengo yote mawili yako kwenye Red Line ya metro, na nauli kwa kadi ya Nol ya kawaida haizidi dirhamu 7.5 kwenda. Kwenye ramani yanafanana. Ukishuka kituo cha Mall of the Emirates unavuka daraja na umeingia. Ukishuka kituo cha Burj Khalifa/Dubai Mall, bado una njia ya juu yenye mita 820 hivi. Ina viyoyozi na mikanda inayokusogeza, lakini kwa mtu mwenye magoti mabovu ni safari ndani ya safari, na hapo jengo lenyewe hajaligusa. Usiku ndiyo balaa. Maonyesho ya chemchemi huendelea mpaka saa tano, siku nyingi treni zinakoma saa sita, na umati wote uliokuwa ziwani unageukia njia hiyo hiyo moja. Mama yake binamu, shangazi yangu, ana miaka sabini na mbili. Namwona akikaa chini katikati ya njia na kukataa kunyanyuka, na atakuwa na haki.

Jambo dogo, lakini kwa watu wetu si dogo: zawadi. Hakuna anayerudi nyumbani mikono mitupu, na zawadi zenyewe ni chokoleti, maziwa ya unga, tende, sabuni. Mall of the Emirates ina Carrefour kubwa ambako vyote unavikuta chini ya paa moja na kutoka. Chakula hakinisumbui kote kuwili, vyumba vya kusalia vipo kote kuwili.

Kuna wanaojaribu kuunganisha: asubuhi theluji, jioni chemchemi, katikati vituo vichache vya treni. Kwa vijana wawili wenye raba nzuri inawezekana, tena ningewashauri wafanye hivyo hasa na kwa mpangilio huo, maana chemchemi haina maana kukiwa na jua. Kwa familia ya vizazi vitatu, hapana. Mtatumia siku kuhesabiana vichwa kwenye ngazi za umeme.

Angekuwa binamu peke yake, ningemwambia Dubai Mall, afike saa kumi alasiri, aanze na samaki, atoke nje kabla jua halijazama, na aondoke baada ya onyesho la pili bila kungoja la mwisho. Hayuko peke yake. Nimemwandikia hivi: nendeni Mall of the Emirates, wewe na watoto mkaingie kwenye theluji, shangazi mtafutieni meza karibu na lile dirisha na mumwachie chai. Akajibu baada ya saa nzima: shangazi kasikia, kasema chai hataki, na yeye akatiwe tiketi.