Kwani trei ya plastiki ndiyo ustaarabu?

Mimi niko Uingereza mwaka wa tisa sasa, na Jumamosi iliyopita nimerudi supamaketi naanza kutoa vitu mezani, kabla hata sijabandika sufuria pipa lishajaa. Tango moja limevishwa plastiki mwili mzima, nyanya sita ziko kwenye trei na juu zimefunikwa plastiki nyingine, kotmiri na mfuko wake, samaki vipande viwili tu kwenye trei nyeusi na chini yake kile kitambaa cha kunyonya maji. Nikakumbuka nyumbani, kijana apita na mtungo wa changu, ukili umepita kwenye matamvua, wanunua mtungo wako waenda nao mkononi waning'inia, taka yake ni magamba na paka washajipanga mlangoni.

Sasa jamaa zangu Mombasa wanadhani huku kila kitu kinarisaikoliwa, yani kinatengenezwa upya. Si kweli jamani. Chupa na mikebe sawa, inachukuliwa. Lakini ile plastiki laini ya kufunikia, mtaa ninaokaa hawaitaki kwenye pipa la risaiko, na kwenye pakiti yenyewe imeandikwa hivyo. Trei nyeusi ndiyo mbaya kabisa manake mashine za kuchambua taka zinatumia mwanga, na ile rangi nyeusi ya kaboni inaumeza mwanga wote, mashine haioni kitu, trei inapita moja kwa moja mpaka kwenye taka za kuchomwa au kufukiwa. Pakiti ya krips nayo ni plastiki na aluminiamu zimegandishwa pamoja, nani atazibandua?

Na kwenye mifuko sisi ndio tuliwatangulia, lazima niseme. Hapa England walianza kutoza peni 5 kwa mfuko mwaka 2015, 2021 ikawa peni 10, yani ukilipa unapewa. Kenya tukapiga marufuku juala moja kwa moja, tarehe 28 Agosti 2017, faini mpaka shilingi milioni 4 au jela mpaka miaka minne. Wallahi nilikuwa nawaambia wenzangu kazini kwa kifua mbele.

Halafu nikaja nyumbani Desemba. Niliingia supamaketi moja nikakuta mchicha, mchicha huu huu wa mafungu, umelazwa kwenye trei nyeupe ya foam umefungwa plastiki na stika ya bei. Binamu yangu akachukua. Namuuliza kwa nini usiende sokoni Marikiti, ni dakika kumi kutoka hapa, akaniambia dada huu ni msafi, ndivyo mnavyokula huko ng'ambo. Iliniuma sana. Ndiyo, ndivyo tunavyokula, na hatukuchagua! Huku watu wanaochoka na plastiki wanatafuta maduka ya kupimiwa, waenda na chupa zao na mitungi yao wakapimiwe mchele na dengu, na wanalipa ghali kuliko pakiti. Kupimiwa, jamani. Kitu ambacho duka la mtaani kwetu limefanya tangu sijazaliwa, mchele kwa kibaba, mafuta ya taa na chupa yako, na siku hizi hata ATM za maziwa ziko, mashine za kupimia maziwa, unaenda na chupa yako ya kioo.

Halafu kuna hivi vijipakiti vidogo, sabuni, tomato, viungo, mafuta, vya shilingi kumi ishirini. Simlaumu anayenunua, pesa ya siku ni ya siku. Lakini waokota taka wanaokota chupa kwa sababu chupa ina mnunuzi, pakiti haina, inabaki mtaroni mpaka mvua iishushe baharini. Anayezitengeneza ndiye abebe mzigo huo. Sheria ya taka ya Kenya ya mwaka 2022 inamtaja, basi abanwe.

Na ile mifuko tunayouziwa kaunta na tunaiita ya kitambaa, ile nayo ni plastiki, nyumba nzima zimejaa.

Kikapu cha mama kimetundikwa msumarini nyuma ya mlango wa jikoni. Mkono mmoja ulikatika, akaushona kwa mshipi wa kuvulia, na chini ana jani la mgomba la kuwekea samaki. Kikapu hicho kina umri zaidi ya ndoa yangu. Mimi huku nimeanza kwenda soko la barabarani Jumamosi, wanauza matunda kwa bakuli, pauni moja bakuli, kama mafungu yetu tu, namwambia muuzaji asitie kwenye mfuko amimine humu. Duka la samaki la Wabangladeshi nimekwenda na bakuli langu lenye kifuniko, akalipima kwanza tupu, akatoa uzito wake, akanitilia samaki, hakushangaa hata kidogo. Supamaketi walinikatalia, ati usafi.

Shida yangu ni moja, mfuko ninaotumia unalegea, nyanya zapondeka. Nataka kikapu cha ukili hasa, kipana chini, mikono mirefu nikitie begani kwenye basi. Kama kuna anayemjua msusi mzuri, Kongowea au Mji wa Kale, niandikieni, khalati yangu anakuja mwezi ujao atanibebea.