Joho na mizani: Chuo cha Ushirika Moshi kimsomeshe nani?

Chuo cha Ushirika kilipofunguliwa 1963, Moshi ilikuwa tayari mji wa ushirika. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao tangu 1925, na KNCU, chama kikuu kilichounganisha vyama vyao vya msingi, tangu 1933. Waliokuja kusoma walikuwa watu wazima wenye kazi zao: makatibu wa vyama, watunza vitabu, wakaguzi. Walijifunza leja na uendeshaji wa mikutano, kisha wakarudi walikotoka.

Mwaka 2004 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, 2014 kikawa chuo kikuu kamili. Leo kinatoa shahada za uhasibu, sheria, hata ununuzi na ugavi, na vijana huingia wakitoka kidato cha sita moja kwa moja.

Wanaolalamika kwamba chuo kimewaacha wakulima wana hoja. Kijana anaweza kuvaa joho akizijua kanuni zote saba za ushirika kwa moyo, wala hajawahi kukaa kwenye mkutano mkuu wa chama cha msingi, pale mkulima anaposimama kuuliza malipo ya pili, yale ya nyongeza baada ya kahawa kuuzwa, yako wapi na wajumbe wa bodi wanaanza kutazamana.

Ila walalamikaji hao huruka 1976, Serikali ilipovunja vyama vikuu na kukabidhi mazao kwa mamlaka za mazao. Vilirudishwa kwa sheria ya 1982, halafu soko huria la miaka ya 1990 likaleta wanunuzi binafsi. Chuo kinachongoja vyama pekee vikiletee wanafunzi kingelala njaa pamoja navyo. Tena chama kinapokwenda benki kuomba mkopo wa msimu, upande wa pili wa meza kuna mhasibu mwenye shahada. Kwa nini chama kimtume asiyeweza kubishana naye?

Kwangu shahada si tatizo. Wasiwasi wangu ni astashahada na kozi fupi za wajumbe wa bodi kugeuzwa mtoto wa kambo, maana shahada huleta ada, na ni rahisi walimu kupangwa huko kwanza. Kanuni ya tano ya ushirika inataka wanachama na viongozi waliowachagua waelimishwe, si mameneja na watumishi peke yao.

Mafunzo ya vitendo basi yaanzie shambani. Kila mwanafunzi wa shahada, hata huyo wa sheria, apelekwe AMCOS, yaani chama cha msingi cha mazao, ya Rombo, Kibosho au Machame msimu wa kahawa, akae na karani wa mizani, kisha asome hesabu mbele ya wanachama. Akishindwa kuwaeleza kila shilingi iliyokatwa kwenye kilo moja, arudie somo.